Sketi ya Mlima

Nimestaafu, na sasa nina nafasi ya kukasirika bila kukimbizwa na kazi. Miaka yote niliyoshona mavazi ya filamu na maigizo hapa Kigali, hasira niliiweka kiporo. Ninyi vijana mliobaki kwenye karakana yetu ya Gisozi mlinifanyia sherehe nzuri. Mlinipa kitenge na saa ya ukutani, kana kwamba mtu anayestaafu ana shida ya kujua saa. Nashukuru. Kisha mkafunga mapazia, mkanionyesha ile filamu ya zamani ya mlima unaotembea, ambayo mmoja wenu aliipata kutoka ng'ambo, mkidhani mnanifurahisha.

Mlicheka sana, nami nilifurahi kuwasikia mkicheka. Mlipofika mwisho mkanyamaza. Kijana mmoja, simtaji kwa sababu anapiga pasi vizuri kuliko wenzake, akasema: "Mama Mariamu, filamu iko nzuri sana, lakini mwisho, kweli rwose, iko zero." Wenzake wakaitikia. Mwingine akauliza ni nani aliyeandika mwisho wa hovyo namna ile, na kama alikuwa amelewa.

Jibu lake ndilo ninaloandika. Mwisho ule hakuuandika mtu yeyote aliyeitengeneza filamu. Filamu ilikuwa na mwisho wake, na ndani ya mwisho huo kulikuwa na uso wa mwanamume mmoja, ambao leo haupo mahali pengine popote duniani, si kwenye picha wala kwenye karatasi. Na yuko mwanamke hapa Kigali ambaye ameutafuta uso huo tangu alipojua kusema. Mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka, hayana hadithi. Nitaanza na mbuzi.

Nilizaliwa Nyamirambo, katika nyumba ya washonaji. Babu yangu alikuja na biashara kutoka pwani, akaoa Mnyarwanda, akasahau kurudi. Mimi nilikuwa nashona sare za shule na kanzu kwenye duka la baba, kwa cherehani ya miguu. Mwaka wa tisini, kabla vita havijaanza, akaingia mwanamume mwembamba amevaa kandambili za matairi. Mshonaji huanza kumtazama mteja miguuni, kwa sababu hapo ndipo suruali inapoishia. Nikaona kwamba kidole gumba cha mguu wake wa kulia kimelala juu ya mwenzake, kama mtu aliyelala juu ya mkeka wa jirani. Kisha nikainua macho.

"Dada, salama? Mimi naitwa Kalisti. Nataka suruali," akasema.

"Ya kwako?"

"Ya mbuzi."

Baba alikuwa pembeni anakata kanzu. Mkasi ukasimama hewani.

"Mbuzi yuko hapo inje," Kalisti akaendelea, taratibu kabisa. "Anaweza kupimwa sasa hivi. Ila hapendi kuguswa mkia."

Alikuwa mwalimu wa kuchora, na ofisi moja iliyokuwa na kamera ya video ilikuwa imemwomba atengeneze vipindi vya kufundisha wakulima. Cha kwanza kilikuwa juu ya mbuzi wanaokula mashamba ya jirani. Walitaka mtaalamu asimame na fimbo mbele ya ubao. Kalisti akataka mbuzi mwenye suruali apelekwe barazani kushtakiwa, ajitetee. Nikampima mbuzi. Alipoondoka, baba akatikisa kichwa: "Huyu mwalimu ana wazimu, lakini wazimu wake una adabu. Mshonee."

Nilikata suruali ile kama ya binadamu, mbuzi akaipasua kabla hajafika mlangoni. Kalisti hakunicheka. Alikaa kwenye kigoda, akachora nyonga za mbuzi, akanipa somo ambalo nimewapa ninyi nyote mkalichoka: "Dada Mariamu, usianze na nguo. Anza na aliye ndani. Anapumua wapi? Anachoka wapi? Ukimaliza hapo, ndiyo ufikirie watu watakaotazama." Ndiyo maana mavazi yote mliyonikuta nayo yana bitana laini kuliko kitambaa cha nje, na mfuko mdogo kifuani wa leso ya jasho. Si madoido yangu. Ni ya Kalisti.

Basi nikawa fundi wa mavazi wa ofisi ile. Studio yao ilikuwa nyumba ya kupanga kule Kabeza, karibu na barabara ya uwanja wa ndege, mahali pabaya kuliko pote kwa kurekodi sauti. Kila mwigizaji alipofika kwenye neno zuri, ndege ilitua juu yake. Mpiga picha alikuwa Vedasti, kijana mpole mwenye mikono iliyotulia na moyo usiotulia. Mkubwa wetu alikuwa Direkteri. Jina lake sitaliandika, nimeliona la kutosha. Mimi alinisemesha Kiswahili cha kuamrisha, kile ambacho siku hizo walisemeshwa Waislamu wa Nyamirambo na wafungwa.

Oktoba vita vikaanza kaskazini: waasi, wengi wao watoto wa wakimbizi wa Kitutsi, walivuka mpaka kutoka Uganda. Mji ukajaa vizuizi, na kutembea kukawa jambo la kuombewa ruhusa. Tukaendelea kufanya kazi. Watu huniuliza mliwezaje kuchekesha wakati ule, nami huwajibu kwamba hatukuwa tumeambiwa ni wakati gani. Tulijua tu kwamba mambo yanabana.

Wazo la mlima lilikuja mwaka wa tisini na mbili. Direkteri alitaka kipindi cha kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kalisti akapotea siku kadhaa, akarudi dukani kwetu na michoro imemjaa kwapani.

Hadithi yake ilikuwa hivi. Kuna mlima mmoja ambao watu wa upande huu na watu wa upande ule hugombana kila siku juu ya mpaka. Asubuhi hawa wanasogeza mpaka, jioni wale wanaurudisha, na kila wakichimba wanauchana mlima sketi yake. Maana mlima ni mama mtu mzima, amevaa sketi ya matuta. Siku moja anachoka. Anasimama, anakunja mto wake kama mkeka, anautia kichwani kama kata, anaondoka zake. Watu wanaamka wamebaki na milango yao tu, chini hakuna kitu. Wanaukimbilia mlima bonde kwa bonde, kila mmoja amebeba mlango wake mgongoni ili wengine wasiingie kwake.

Niliposikia kwamba mlima utavaa sketi nilijua balaa ni langu.

Niliishona kwa gunia, nikaifunika kwa vipande vya vitenge, kila kipande shamba: kijani cha maharage, kahawia ya udongo uliolimwa, nyekundu ya mtama ulioiva. Nyumba zilikuwa vifungo vya mbao. Uzi wa kawaida ulikuwa unakatika kwa uzito, kwa hiyo niliupitisha kwenye nta ya nyuki. Mpaka leo kwa kazi nzito sijaona kinachoishinda nta, hata hizo nyuzi zenu za plastiki mnazojivunia. Ndani kulikuwa na pete za mianzi, na mtu mmoja wa kuubeba.

Mtu wa kwanza alikuwa binamu yake Vedasti, mbeba mizigo mwenye shingo kama ya fahali. Akachukua hatua chache, akazimia. Kalisti akamfungua, akampepea mpaka akafumbua macho. "Sitamweka mtu mwingine humu," akasema. "Nimemchora mimi, nitambeba mimi." Tukampunguzia mianzi, nikamtobolea matundu ya hewa kwenye mashamba ya maharage, akaingia mwenyewe. Hivyo ndivyo mwenye filamu alivyogeuka kuwa mlima. Katika filamu nzima hamumwoni. Mnaona sketi, na chini ya sketi mnaona miguu mitupu. Nilitaka kumshonea viatu vya mawe. Akakataa: "Mulima haivai viatu, Dada. Ingekuwa na viatu ingekuwa imeondoka zamani."

Mnakumbuka jua linalochomoza likiwa limekwaruzika? Lile ni sinia la pilau la mama yangu. Mawingu ni pamba ya godoro juu ya mianzi. Na yule ng'ombe anayebaki amesimama hewani anacheua, baada ya mlima kuondoka chini yake, ambaye mlinisumbua mkiuliza tulitumia kompyuta gani: tulimsimamisha kwenye ukingo kule Kibagabaga, wakati ule mashamba matupu, tukafunika ukingo kwa shuka niliyoitia rangi mpaka ikafanana na mbingu ya asubuhi. Niliitia rangi mara nyingi kwa sababu mbingu ya Kibagabaga haitulii. Ng'ombe hakulalamika. Mwenye ng'ombe ndiye aliyelalamika, akisema tumemzoesha mnyama wake makuu.

Siku moja tulikuwa tunausafirisha mlima kwenye pikapu, umekunjwa, tukasimamishwa kwenye kizuizi. Askari akachoma sketi kwa ncha ya bunduki.

"Iko nini hapa?"

"Mulima, afande," Kalisti akajibu.

"Mulima ya wapi?"

"Ya Gisozi, afande. Ilikuwa imekwenda kutembea, sasa tunairudisha nyumbani."

Askari alicheka mpaka kofia ikamsogea. Kisha akataka vitambulisho, kazi ni kazi. Siku hizo kitambulisho kiliandikwa kabila. Akatazama changu, akatazama cha Vedasti, akatazama cha Kalisti, kilichoandikwa Mtutsi, na kicheko kikakatika. Alimrudishia kwa ncha za vidole, kama mtu anayerudisha kitu chenye upele. Njia nzima Kalisti hakufanya mzaha tena. Tulipofika Kabeza akasema tu kwamba sketi imechanika kwenye mtama, na kama naweza kuishona kabla ya kesho.

Sasa ninafika kwenye mwisho, mwisho wenyewe.

Mlima unafika bondeni, unashikwa na homa. Mvuke unautoka kila tundu. Chini tulificha sufuria za maji yanayochemka. Unaanguka. Watu wa pande zote mbili wanafika na milango yao migongoni, wanausikia unatetemeka. Hapo Kalisti aliweka jambo ambalo kila Mnyarwanda wa zamani analijua. Mgonjwa akishindwa kutembea, watu wa mlimani kwake huleta ingobyi, ile machela ndefu ya kusukwa yenye miti miwili, wakambeba mabegani mpaka kwa mganga. Huulizwi kama unampenda mgonjwa. Huulizwi kama mlikuwa na kesi. Anayenyima bega lake siku hiyo hahesabiwi kuwa jirani tena. Basi wale wagomvi wanatupa milango, wanasuka ingobyi kubwa, na watu wa upande huu na wa upande ule wanaingiza mabega chini ya mti mmoja na kuubeba mlima wao kuurudisha.

Tulipiga picha hiyo Gisozi, nyumbani kwa Kalisti, na wabebaji walikuwa majirani zake wa kweli. Ingobyi waliyoanza nayo ilikuwa ile ya mtaa, iliyokuwa ikitundikwa kwenye ukumbi wa jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Walifurahi kupita kiasi. Walisema wao wamemzoea mwalimu, hata akiwa mlima. Mcheza kwao hutunzwa, nikamwambia Kalisti, naye akaitikia.

Katikati ya njia, sketi inateleza. Mlima unafunguka, na juu ya ingobyi anaonekana mtu mdogo mwembamba, jasho linamtiririka, nywele zimelowa. Vedasti alimsogelea usoni mpaka uso ukajaa kamera. Kalisti akawatazama wabebaji mmoja mmoja, akasema kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya mtu anayeamka: "Miaka yote hii nimewabeba, hata siku moja hamjaniuliza kama nimekula." Kisha akaangua kicheko, na wabebaji, ambao hakuwa amewaambia atasema nini, wakacheka hadi ingobyi ikayumba. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera nimeshika sindano na uzi. Nililia, na sikuwa mtu wa kulia kazini.

Huo ndio mwisho. Hakuna kati yenu aliyeuona.

Direkteri aliutazama Kabeza, miguu juu ya meza. Alicheka wakati wa ng'ombe. Ilipofika ingobyi alishusha miguu.

"Simamisha. Hii nyekundu hapa na hii kijani, iko ya chama gani?"

Siku hizo vyama vilikuwa vimejaa, kila kimoja na rangi zake.

"Ni mtama na maharage, Bwana Direkteri," nikasema.

"Sikukuuliza wewe. Kalisti, na hawa banabeba pamoja, iko nani na nani? Upande huu iko nani? Upande ule iko nani?"

"Ni majirani," Kalisti akasema.

"Na mulima? Mulima inahama kwenda wapi? Inavuka mpaka? Inarudi na nani?"

"Inarudi nyumbani, Bwana Direkteri. Imeumwa."

Direkteri akamnyooshea kidole. "Wewe, kati ya wote, unataka kubebwa," akasema, na chumba kizima kikasikia alichokuwa anasema hasa. Akaamuru mwisho utolewe. Kipindi kilikuwa cha udongo, kwa hiyo mtu mwenye mamlaka afunge kwa kusema juu ya udongo. Mtu huyo alikuwa yeye.

Hapo ndipo lilipofanyika jambo ambalo sijalimeza. Kanda zilikuwa adimu, vita vilikuwa vimefunga njia za mizigo. Ilikuwa desturi ya studio yetu, tukikosa kanda, kurekodi juu ya kitu cha zamani: juu ya semina, juu ya hotuba. Hotuba zilikuwa ardhi yetu ya akiba. Siku hiyo kwa mara ya kwanza ilifanyika kinyume. Hotuba ikarekodiwa juu ya filamu.

"Vedasti, tafuta kanda nyingine," nikamwambia.

"Dada, hakuna. Amesema turekodi hapo hapo. Akinifukuza nitakwenda wapi?"

"Basi futa ng'ombe! Futa jua! Acha uso."

"Amesema hapo hapo," akarudia, na machozi yakawa yanamlenga. Direkteri alitoka kuchana nywele, akasimama mbele ya vyungu vya maua, akaanza kueleza faida za matuta. Neno kwa neno, uso wake ukaingia juu ya uso wa Kalisti. Hata ndege haikupita. Siku zote ndege zilituharibia kazi, siku hiyo mbingu ilikaa kimya kumsikiliza yeye.

Kalisti alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma. Nikatoka nimejaa matusi ya Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa kidogo. Akanizuia kwa mkono: "Acha, Dada. Wabebaji wapo. Sketi ipo. Mimi nipo. Tutairudia." Nilimkasirikia kwa upole wake. Leo namkasirikia zaidi, na simuombi radhi.

Tulipoonyesha filamu, kwenye ukumbi wa shule, watoto walicheka kama mlivyocheka ninyi. Wazee walicheka. Mama mmoja alipiga kelele kuuambia mlima ukimbie, wanakuja. Kisha mlima ukaanguka, mvuke ukapanda, na ghafla akatokea mtu wa suti anaeleza matuta. Watu wakakaa kidogo wakidhani ni kosa. Halafu viti vikaanza kulia. Kalisti alisimama mlangoni anawatazama wanavyotoka, mmoja mmoja, na wengine walimpita bila kujua kwamba ndiye mlima. "Wanaondoka mulima haijapona," akaniambia.

Baada ya hapo tulikuwa na kazi moja tu moyoni, kurudia mwisho ule. Direkteri hakuambiwa. Vedasti, kwa aibu yake, aliahidi kuichukua kamera siku ambayo mkubwa hayupo. Kanda niliipata mimi, kwa shemeji yangu dereva wa malori, aliyeniletea mpya kutoka Dar ikiwa bado na nailoni yake. Sketi ilikuwa Nyamirambo, naitia viraka. Mke wa Kalisti alikuwa amejifungua binti, na kwa kuwa mji ulikuwa hautulii, alimchukua mtoto kwenda kwa dada yake Ngara, Tanzania, kupumzika kidogo. Aliondoka na mtoto mgongoni na mfuko wa nepi. Nani anabeba picha kwa safari ya kupumzika?

Mapema Aprili ya tisini na nne, Kalisti alipita dukani kujaribu mianzi.

"Hamia kwetu," nikamwambia. "Chumba cha nyuma kipo. Gisozi uko peke yako."

"Peke yangu? Na majirani wote wale?" Akacheka. "Ijumaa nitakuja, baada ya swala yenu. Tunaweka sketi kwenye pikapu, Jumamosi tunapiga. Wabebaji nimeshawaambia."

Ijumaa hiyo hakuna aliyekuja popote. Waliokuwapo wanajua, na msiokuwapo mmesimuliwa. Sitaeleza miezi ile, siyo kazi ya mshonaji. Nitasema moja tu. Mama mmoja wa Gisozi aliyenusurika alinieleza baadaye. Kalisti alikatwa karibu na lango lake, asubuhi. Hakufa pale pale. Alikaa mpaka jua likageuka, anaita majirani kwa majina, na majina yao aliyajua vizuri kwa sababu alikuwa amewafundisha mahali pa kusimama mbele ya kamera. Ingobyi ilikuwa imetundikwa ukumbini, ukuta kwa ukuta. Haikushushwa. Na kati ya waliomkata walikuwemo wawili waliowahi kumbeba. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Nimeshona nguo maisha yangu yote na sijaona mshono unaoweza kuzuia hilo.

Nyumba yake ilichomwa, na picha zake zote humo. Duka letu liliporwa. Kanda yangu mpya ilikwenda na nailoni yake, pengine leo ina harusi ya mtu. Sketi ilikatwakatwa. Baada ya Julai nilikutana na mtoto njiani amefungwa kiunoni kipande cha mtama, na mwanamke amejitanda maharage. Sikuwauliza kitu, kulikuwa na baridi. Vedasti alivuka kwenda Kongo na umati, sijamsikia tena. Direkteri alivuka kwa gari la ofisi. Nasikia yuko nchi ya baridi, na ana wajukuu.

Ile kanda ya Kabeza ilipotea. Nakala moja ilikuwa imepelekwa ng'ambo kwa waliotoa kamera, nakala ya baada ya matuta, bila shaka. Hiyo ndiyo iliyowafikia ninyi.

Binti yake anaitwa Odeta. Mama yake alimfia kule Ngara angali mdogo, ndugu za mama yake wakamlea, akarudi Kigali mtu mzima mwenye Kiswahili safi cha Tanzania. Alinitafuta, miaka mingi sasa, kwa sababu aliambiwa nilifanya kazi na baba yake.

"Shikamoo, Mama. Sitaki kukuchosha. Nauliza tu kama una picha yake. Hata ya mbali. Hata ya mgongo."

Nikamwambia sina. Akaniuliza alikuwaje. Nikamweleza, mdogo wa umbo, mwembamba, mpole, mwenye mzaha. Nilipomaliza niliona usoni mwake kwamba maneno yangu yangemfaa mtu yeyote. Amerudi mara nyingi tangu hapo, na kila mara ana swali moja dogo: masikio yalikuwaje, alikuwa na mwanya? Mimi najibu, naye anajaribu kuunga, lakini uso hauungwi kwa viraka. Nawaambia mimi niliyeunga mlima.

Wiki iliyofuata baada ya sherehe yenu nilimwita nyumbani. Nilimwonya kwanza. Nilimwambia uso haumo, kwamba mahali ulipokuwa kuna mtu mwingine anasema juu ya matuta. Akasema anajua kutopata, amezoea. Tukaweka filamu. Alicheka kwa ng'ombe, na alicheka kama baba yake, kichwa nyuma. Sikumwambia.

Ilipofika pale mlima unaposimama mara ya kwanza, ile picha ya chini ambayo Vedasti alilala tumboni kuipata, sketi ikiinuka na miguu ikitoka kwenye umande, Odeta akabonyeza, picha ikasimama.

"Mama, hii miguu ni ya nani?"

"Ni ya baba yako."

Aliinama, akafungua kamba za kiatu, akavua na soksi. Akanyoosha mguu wake wa kulia mbele, karibu na kioo. Nimemfahamu miaka yote hiyo na sikuwahi kumwona bila viatu. Mimi, mshonaji, ninayeanza miguuni. Kidole gumba kilikuwa kimelala juu ya mwenzake.

Kisha nikamuuliza kama tuendelee.

"Mbele kuna nini?"

"Anaumwa. Halafu anakuja yule wa suti."

"Basi, Mama. Inatosha hapa."

Kwa hiyo, vijana wangu, filamu hiyo sasa ina mwisho, na si zero. Mkiionyesha tena, subirini sketi iinuke. Miguu ikishatoka kwenye umande, zimeni.